Viluwiluwi hivi ni vya chura au vya mbu?

Mama mwenye mimba ya miezi saba hataki kusikia habari ya maji yaliyotuama ndani ya nyumba yake. Huyu wa Tabata, Dar es Salaam, alilazwa kwa malaria akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza. Mtoto huyo, sasa yuko darasa la tano, alipoomba tenki la kioo la kufugia vyura, jibu lilikuwa fupi: “Mwanangu, hapa hatufugi mbu.”

Kijana alikuwa na hoja yake. Shuleni walisimuliwa habari za vyura wa Kihansi, wale wadogo walioishi kwenye manyunyu ya maporomoko katika Milima ya Udzungwa. Mwaka 2000, bwawa la umeme lilipopunguza maji hayo, vyura 499 walipelekwa Marekani, wakazaliana ndani ya matenki ya kioo, na mwaka 2012 vizazi vyao vikaanza kurudishwa bondeni. “Tenki liliwaokoa wale, Mama. Langu litamdhuru nani?”

Bibi naye alikuwa na lake: chura huleta chunjua. Ilibidi baba amweleze taratibu kwamba chunjua huletwa na virusi vya binadamu, si chura.

Mwishowe mama alikubali, kwa masharti. Tenki likakatwa katikati kwa kipande cha kioo kilichogundishwa kwa silikoni. Upande mmoja uliwekwa kokoto, kitambaa cha wavu, kisha udongo usio na mbolea wala dawa, na mimea midogo ipendayo kivuli. Upande wa pili ni maji ya kina cha vidole vitatu, na jiwe la mteremko ili chura asishindwe kutoka. Juu likafunikwa kwa wavu wa dirishani. Vyura wanne wadogo wa matete walitoka kwenye dimbwi la mvua kwa mjomba, Kibaha.

Ngozi ya chura hunyonya kinachoigusa, ndiyo maana dawa ya kupuliza mbu ilipigwa marufuku chumba hicho. Maji ya bomba, yenye klorini, yalilazwa kwanza kwenye ndoo barazani. Na kila anayegusa tenki hunawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa vyura huweza kubeba bakteria wa salmonela. Vyombo vyake haviingii jikoni.

Wiki ya pili kijana alikuja mbio: “Mama, vyura wamezaa! Kuna viluwiluwi!”

Mama aliinama kwa shida, tochi mkononi. Kiluwiluwi cha chura kina kichwa cha mviringo na mkia mpana. Hivi vilikuwa vyembamba, vimening’inia juu ya maji, na tenki lilipotikiswa vikazama kwa kujipindapinda. Mbu.

Wavu ulikuwa mzima. Kosa lilikuwa kwenye ndoo ya barazani, iliyolala wazi siku mbili. Mbu alitaga humo, na mayai yakamiminwa ndani pamoja na maji.

Kijana alidhani mama atasema vyura warudi Kibaha. Mama alimwambia ayamwage maji juu ya mchanga mkavu, juani, kisha asugue kuta za tenki, maana mayai ya mbu wa dengue hugandama ukutani na kustahimili ukavu. Tangu hapo ndoo hufunikwa kwa kitambaa kilichofungwa kamba, na maji hubadilishwa Jumatano na Jumamosi. Kwa joto la Dar, yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa wiki moja hivi, kwa hiyo anayebadilisha mara mbili humkatiza njiani.

Vyura hula mbu, lakini wanne hawamalizi mbu wa nyumba nzima. Mama bado analala ndani ya chandarua chenye dawa, na hudhurio la kliniki halikosi. Daftari la tenki anakagua mwenyewe. Jumatano iliyopita alikuta imewekwa alama ya vema kabla maji hayajabadilishwa, akaifuta, akamwita kijana.