Fidla ya Tatu

Kwa miaka mingi, mtoto aliyejiunga na kikundi cha fidla hapa Nairobi aliwekwa fidla ya tatu. Fidla ya kwanza ilikuwa ya wabeba wimbo, ya pili ya wenye kuufuata, na ya tatu ya waliosalia: wadogo, wageni, na wale ambao mwalimu hajajua bado awapeleke wapi. Huko ndiko nilikoanzia, katika kikundi cha shule, miaka ya 1980. Tangu hapo sijaachana na sauti hiyo. Niliipiga, baadaye nikawa nainakili kwa ajili ya wengine, na siku hizi ni mimi ninayeiandika, ninapopanga muziki wa kina Bach na Beethoven ili uweze kupigwa na watoto ambao upinde wameushika juzi. Aliyeiacha sauti hiyo zamani zile akiisikia leo hataijua.

Chanzo chake ni uhaba. Kundi kamili la nyuzi lina fidla za kwanza, fidla za pili, viola, chelo na besi. Viola ina umbo la fidla, ila ni kubwa kidogo, na nyuzi zake zimeshuka umbali wa so hadi do: fidla inaishia G, viola inateremka hadi C. Tena husomwa kwa ufunguo wake wa pekee, ambao mpiga fidla sharti ajifunze upya. Shule nyingi hazina viola za kutosha, kwa hiyo wachapishaji wa muziki wa shule, hasa wa Marekani, walizoea kuongeza karatasi moja zaidi: fidla ya tatu. Ilikuwa sauti ya viola iliyohamishiwa kwenye ufunguo wa fidla, na kila viola ilipozama chini ya G, nota ilipandishwa oktavu nzima.

Mpandisho huo ndio ulioiharibu. Nota iliyokuwa imetulia chini, kati ya chelo na fidla, ilijikuta juu katikati ya fidla za pili, mara nyingi ikirudia kilekile ambacho wenzake walikuwa wanakipiga. Pale chini pakabaki pengo, na huku juu msongamano. Mpangaji akiona msongamano, hupunguza. Na aliyepunguziwa kila mara alikuwa wa tatu. Matokeo yake tulikuwa na kurasa nzima za nota nyeupe, ndefu, A kwa mapigo manne, A tena kwa mapigo manne, halafu G, halafu pumziko refu la kuhesabu kwa vidole vya miguu ndani ya viatu.

Jambo lililotushangaza sisi watoto ni kwamba kanisani hali haikuwa hivyo. Wengi wetu tulitoka kwenye kwaya, tukisoma solfa ubaoni kabla hatujaijua mistari mitano. Katika kwaya sauti zote nne zina heshima. Mwimbaji wa teno ana njia yake, anajua mahali pake pa kupanda, na waimbaji wa besi wakikosekana Jumapili moja usharika mzima unalalamika. Mwimbaji wa alto anaweza kuimba sauti yake peke yake akiosha vyombo na mtu akaisikiliza kwa raha. Sikumbuki hata siku moja mwenzangu yeyote wa fidla ya tatu akiimba sauti yetu nyumbani. Hapakuwa na cha kuimba.

Karatasi zenyewe zilitufikia kwa njia za mzunguko. Zilikuwa fotokopi za fotokopi, zilizoachwa na walimu wa kigeni waliomaliza mikataba yao, na pale ambapo mashine ilikuwa imekula kona ya ukurasa tulijazia kwa kalamu. Sauti ilipopotea kabisa, ilibidi mtu anakili. Nilipokuwa sekondari kazi hiyo ikaniangukia, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa safi. Nilichora mistari mitano kwa rula na kunakili sauti moja baada ya nyingine. Hapo ndipo nilipoanza kuona muziki ulivyogawanywa. Ukinakili fidla ya kwanza mkono unachoka. Ukinakili ya tatu, chai haijapoa umeshamaliza. Nilidhani Wazungu wale wa kale ndivyo walivyoandika, kwamba Vivaldi na Pachelbel walikuwa na watoto wao wapendwa na watoto wao wa kambo. Nakala kamili zenye sauti zote zilikuwa ghali, na hatukuwa na mahali pa kuhakikishia.

Mlango ulifunguliwa na mtandao. Mwaka 2006 ilianzishwa maktaba ya IMSLP, inayoweka bure nota za watunzi ambao haki zao za kunakili zimekwisha. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kufundisha, na kompyuta za vibanda vya intaneti mjini zilikuwa za polepole, lakini ukurasa ulifunguka. Nota nilizozitafuta kwanza zilikuwa za Kanoni ya Pachelbel, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikipigwa kwenye kila harusi na ndiyo kila mzazi aliyoiomba.

Nilijua Kanoni ile kama kila mtu anavyoijua: fidla ya kwanza inaimba, wengine wanashikilia. Nilichokiona kwenye skrini ni kitu kingine kabisa. Pachelbel, aliyefariki mwaka 1706, hakuandika viola. Aliandika fidla tatu na besi. Besi inapiga nota nane zilezile na kuzirudia mara 28. Fidla ya kwanza inaingia na wimbo wake. Mapigo manane baadaye fidla ya pili inaingia na wimbo uleule. Mapigo manane tena, ya tatu nayo inaingia na uleule. Kila anachopiga wa kwanza, wa tatu atakipiga, nota kwa nota, kwa urefu uleule, na ugumu uleule. Hakuna mdogo. Na kuna jambo zuri zaidi, ambalo hata leo linanifanya niwasimamishe watoto ili walisikie: wimbo wa mwanzo unashuka, mi re do ti la so, kisha unarudi la ti. Mara wa pili anapouanza, wa kwanza anashuka chini yake, sauti ya tatu kwenda chini, na kumwimbia pembeni kama alto anavyomwimbia soprano. Aliyekuwa juu anakuwa mtumishi wa aliyemfuata. Muziki wote umejengwa kwa kupeana nafasi.

Basi ile fidla ya tatu ya kuhesabu pumziko haikutoka kwa Pachelbel. Ilitoka kwa mpangaji wa karne ya 20, aliyetaka kurahisisha na akaona njia fupi ni kumpa mmoja kila kitu. Ninamwelewa. Kanoni halisi ina sehemu za nota za haraka sana ambazo mtoto wa mwaka wa pili hawezi. Lakini kuna njia nyingine ya kuirahisisha. Unachagua zile beti ambazo kila mtoto anaziweza, zile za polepole na za wastani, na unaziacha za haraka. Halafu unawapa wote watatu kilekile, kama alivyofanya mwenyewe. Wimbo wa mwanzo unapigika wote kwa mkono uliotulia mahali pake, kidole cha kwanza kwenye uzi wa E, kisha uzi mtupu, kisha vidole vya uzi wa A. Mtoto haendi popote. Nikaipanga hivyo kwa kikundi cha Jumamosi nilichokuwa nikikifundisha, Eastlands.

Siku ya kwanza ya kuipiga, binti mmoja wa fidla ya tatu alikagua karatasi yake, akachungulia ya jirani, akainua mkono. “Mwalimu, mmenipa ya kina Kevo.” Kevo alikuwa fidla ya kwanza. Nikamwambia hapana, ni yake. Akasema, “Lakini ni ileile.” Akaipiga akiwa amekaa kitini wima kuliko nilivyowahi kumwona.

Kuanzia hapo nilianza kuzisoma nakala za watunzi kwa jicho moja tu: wa chini amepewa nini? Karibu kila mahali jibu lilikuwa tofauti na vitabu vya shule. Chukua wimbo wa furaha wa Simfonia ya 9 ya Beethoven, ya mwaka 1824, ambao hauna budi kuwemo katika kila kitabu cha wanaoanza, kwa kuwa uko katika D na karibu wote unakaa ndani ya nota tano. Vitabuni unaanza na fidla ya kwanza. Beethoven aliuanzisha kwa chelo na besi peke yao, taratibu, bila mtu wa kuwasindikiza. Mara ya pili ukachukuliwa na viola pamoja na chelo. Fidla za kwanza zinaupata mara ya tatu, baada ya wa chini wote kuuimba. Ni mpango wa mtu aliyekaa chini mwenyewe: akiwa kijana huko Bonn, Beethoven alipiga viola katika okestra ya mtawala. Mozart naye, alipoketi na rafiki zake kupiga kwartet, alipenda kushika viola. Siamini ni bahati nasibu kwamba sauti zao za kati zinapigika kwa furaha.

Na wapo walioandika kwa ajili ya vijana moja kwa moja, bila kuwadharau. Vivaldi alifundisha wasichana wa Ospedale della Pietà huko Venice kuanzia mwaka 1703. Gustav Holst, mwalimu wa muziki katika shule ya wasichana ya St Paul’s, London, aliiandikia okestra ya wadogo wa shule hiyo Brook Green Suite mwaka 1933, mwaka mmoja kabla ya kufa, akiwa mtunzi mwenye jina kubwa. Béla Bartók alitunga duo 44 za fidla mbili mwaka 1931 kwa ajili ya kufundishia, na ndani yake fidla ya pili haikosi la kusema. Hizo ninazipiga na watoto hadi leo, na sizibadilishi hata nota moja.

Nisieleweke kwamba nota ndefu ni tusi. Henry Purcell ana fantasia ya vinanda vitano vya nyuzi ambamo sauti moja inapiga nota moja tu, C ya kati, kuanzia mwanzo hadi mwisho, huku nyingine nne zikipanda, zikishuka, zikikimbia na kuhuzunika kuizunguka. Nota ileile inakuwa furaha, kisha inakuwa maumivu, na aliyeishika hajasogeza kidole. Niliipanga kwa fidla na chelo, na nikampa mtoto wa wiki za mwanzo ile C. Alitakiwa kufanya jambo gumu kuliko wote: upinde usitetemeke. Wakubwa walilazimika kumsikiliza yeye, kwa sababu akiteleza yeye, wote wamepotea. Nota ndefu yenye kazi na nota ndefu ya kujazia nafasi zinafanana karatasini. Mtoto anazitofautisha kwa dakika moja.

Kwa hiyo siku hizi nikipanga muziki naanza na sauti ya tatu. Naiandika yote, naiimba kwa solfa nikitembea sebuleni, na ikinichosha naifuta. Ya kwanza naiandika mwisho, nayo hujiandika karibu yenyewe. Programu ya bure ya MuseScore imeniondolea rula na kidonda cha kidole. Nikibadilisha nota moja, karatasi za watoto wote zinabadilika. Urahisi huo umeniwezesha jambo ambalo zamani lisingewezekana, yaani kumwandikia mtoto mmoja sauti yake. Kuna aliyevunjika kidole kidogo. Muhula ule sauti yake haikuwa na kidole cha nne popote.

Mambo mengine yalijipanga yenyewe baada ya hapo. Tuliacha viti vya kudumu: kila wimbo, watoto wanahama. Wazazi walioniuliza kwa upole mtoto wao “atapanda” lini kwenda fidla ya kwanza wamepungua. Siku ya mashindano bado wapo majaji wanaotaka wimbo usikike juu na mengine yafichwe, na tumewahi kuandikiwa kwamba sauti zetu za chini zina nguvu mno. Sijazipunguza.

La karibuni kabisa sikulitarajia. Watoto wawili wa fidla ya tatu waliniomba viola. Viola ndogo hazipatikani kwa urahisi na bei yake haisemeki, hivyo fundi alitufanyia kile kinachofanywa sehemu nyingi: alichukua fidla mbili za ukubwa wa robo tatu, akatoa nyuzi zake, akafunga nyuzi za viola. Sauti yake si nene kama ya viola ya kweli, lakini C ya chini ipo, na ufunguo mpya wamejifunza kwa muhula mmoja. Wenzao waliobaki kwenye fidla ya tatu wakaniuliza kama sasa sauti yao itafutwa. Haitafutwa. Nimeanza kuipanga Brandenburg ya 3 ya Bach, ya mwaka 1721, ambayo ina fidla tatu, viola tatu na chelo tatu, kila moja na njia yake. Fidla tatu ninazo. Viola ninazo mbili, na kuna mvulana wa fidla ya pili ambaye wiki hii amebaki nyuma baada ya mazoezi akijaribu kuusoma ule ufunguo.