Miezi mitatu kabla ya kidato cha kwanza

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo mtoto wa Lushoto hukaa nyumbani miezi mitatu na ushee, na mengi ya maisha yake huamuliwa ndani ya miezi hiyo.

Wapo wanaoshinda shambani kwenye karoti na kabichi. Wapo wasichana wanaochukuliwa kwenda Tanga au Dar es Salaam "kusaidia kazi kidogo", na Januari ikifika hawarudi. Wengine huandikishwa masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza, ambayo wengi huyaita pri fomu wani, ili wakizoee Kiingereza.

Hofu ya wazazi ina msingi. Kwa mtoto wa Mlalo au Mtae, Kiingereza mara nyingi ni lugha ya tatu. Nyumbani ni Kisambaa, na shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu. Akiingia sekondari, biolojia, jiografia na hisabati zote zinageuka kuwa Kiingereza. Mtoto aliyezoea kunyoosha kidole anakaa kimya. Akili yake haijapungua, maneno ndiyo hana. Na upimaji wa kidato cha pili unamsubiri, nao ni kwa Kiingereza.

Mama anayeuza mboga gulioni, ambaye mwenyewe hakijui Kiingereza, anabaki na hesabu ngumu. Tangu 2016 sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, lakini sare na madaftari ni juu yake, na kozi nayo inalipiwa. Pesa iende wapi?

Kabla hajalipa, aulize mtoto atafanya nini huko. Kunakili notisi za kidato cha kwanza asizozielewa hakumsaidii. Kozi ya maana ni ile inayompa nafasi ya kuzungumza, kusoma hadithi fupi, kukosea na kurekebishwa bila kuchekwa. Kumvisha mtoto kibao shingoni kwa sababu kaongea Kiswahili ni kumfundisha woga, na mwenye woga hafungui mdomo.

Aulize pia saa za kuanza na kumaliza. Asubuhi za milimani zina baridi, na mtoto anayepanda na kushuka vilima bila hata uji atafika darasani amechoka. Wataalamu wa usingizi wanashauri watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Anayeamka alfajiri, akashinda kozini, akarudi kukata majani ya ng'ombe, kisha akakesha na daftari, kesho yake hakumbuki alichosoma.

Mama huyo naye ana somo la kufundisha. Wakiwa shambani amuulize mwanawe jani la karoti linatengenezaje chakula, naye aeleze kwa Kisambaa au Kiswahili hadi mama aelewe. Mtoto aliyeielewa vizuri usanisinuru, siku akikutana na neno "photosynthesis" atakuwa na kazi ya kujifunza jina tu. Kitu chenyewe anacho tayari.

Kama pesa ya kozi haipo, Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina maktaba ya mtandaoni ambamo vitabu vya kiada husomwa bure, hata kwa simu. Nusu saa kila jioni inatosha kuanzia: ukurasa mmoja kwa sauti, maneno matano mapya, sentensi tatu za kwake mwenyewe.

Na kama mhitimu ni binti, ndugu wa mjini ajibiwe kwa heshima kwamba mwaka huu haendi popote. Ana shule Januari.