Vigawo na vigawe ndani ya pakiti ya dawa

Mzazi akimwona mtoto anahangaika na vigawo na vigawe, mara nyingi husema hesabu hizo hazina kazi baada ya mtihani. Mimi naandika habari za afya, na kila nikishika pakiti ya dawa naziona humo.

Tuanze na siku yenye saa 24. Namba zinazoigawa 24 bila kubaki kitu ndizo vigawo vyake: 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Ndiyo maana tunaambiwa tumeze dawa kila baada ya saa 6, 8 au 12. Saa 5 na saa 7 hazimo. Hizo ni namba tasa, kila moja ina vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe, na hakuna hata moja inayoigawa 24. Ukimpa mtoto dawa kila baada ya saa 7 ukianza saa 1 asubuhi, utamwamsha saa 10 alfajiri, na keshokutwa saa zitakuwa nyingine kabisa. Nani atakumbuka?

Sasa chukua dawa mseto ya malaria, ile tuliyozoea kuiita ALu. Dozi yake humezwa mara 6 kwa siku 3. Mara ya pili ni saa 8 baada ya ile ya kwanza. Kuanzia siku ya pili ni asubuhi na jioni, saa 12 zikipita katikati. Idadi ya vidonge hufuata uzito. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kidonge 1 kila mara, kilo 15 hadi chini ya 25 humeza 2, kilo 25 hadi chini ya 35 humeza 3, na kuanzia kilo 35 ni 4. Zidisha kwa 6, utapata 6, 12, 18 na 24. Zote ni vigawe vya 6.

Msimu uliopita wa kuvuna kahawa nilikuwa nyumbani Kingerikiti, Wilaya ya Nyasa. Binti mdogo wa dada yangu, mwenye kilo 19, alishinda usiku kucha na homa. Asubuhi dada akatoa kabatini pakiti ya dawa mseto iliyobaki shemeji alipougua. Vidonge vilikuwa 12.

“Vinamtosha kabisa,” akasema.

Kijana wake wa darasa la tano akavihesabu upya. Kweli, 12 ni kigawe cha 6, viwili mara sita. Hesabu ilikubali. Kisha akanigeukia.

“Mama mdogo, pakiti ya baba si ilikuwa ya 24? Kwa hiyo alimeza nusu?”

Sebule ikawa kimya. Shemeji alimeza mara tatu, homa ikashuka, akaziacha na kurudi shambani. Wengi hufanya hivyo. Lakini homa kushuka si malaria kuisha. Vimelea vilivyosalia mwilini vinaweza kuongezeka tena na mgonjwa akarudi kitandani.

Dada aliifunga pakiti, tukambeba mtoto kwenda kupimwa. Alikutwa na malaria, akapewa pakiti yake mwenyewe ya vidonge 12. Alimeza viwili vya kwanza saa 3 asubuhi, viwili vingine saa 11 jioni, na kaka yake akachora visanduku sita kwenye daftari, akiweka alama kila dawa inapomezwa. Shemeji naye tulimsihi arudi kupimwa, na alikwenda.

Mzazi, ukipewa dawa mseto, hesabu vidonge ukiwa na mtoto wako kabla hamjaondoka dirishani. Ukikuta 11 au 17, uliza papo hapo, kwa sababu namba hizo hazigawanyiki kwa 6. Na ukikuta vilivyobaki kabatini, jiulize ni nani hakumaliza dozi. Hata vikitimia idadi, usimpe mtoto kabla hajapimwa. Hesabu itakuambia kama dozi imetimia, lakini ugonjwa unajulikana kwa kipimo.