Nguo Niliyomkataza Binti Yangu

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, nami mjukuu huyo nimekwisha kumpakata. Ninayoyasimulia leo si ya kujivunia. Nayasimulia kwa sababu nadhani wapo wazazi wenzangu ambao, kama mimi, huichagua nguo ya mtoto kwa kuyaogopa macho ya majirani, wasikumbuke kutazama mahali anapokwenda mtoto mwenyewe.

Sisi tunaishi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Binti yangu alikuwa kidato cha tatu alipochaguliwa kuiwakilisha shule yake katika mbio za masafa marefu. Mwalimu wake wa michezo alimshauri afanye mazoezi mlimani, kwa kuwa mlima hujenga pumzi na miguu. Mama yake hakupenda aende peke yake katika njia za upweke, basi nikapewa mimi kazi ya kumsindikiza kila Jumapili. Nilikubali kwa shingo upande, walakini haukupita mwezi nikawa mimi ndiye ninayeamka kwanza. Tulifuata njia ya Morningside, njia ile ile wanayoteremkia akina mama wa Kiluguru na matenga ya mboga na ndizi kichwani, wakiwahi soko la mjini. Binti alikimbia, mimi nilikimbia kidogo na kutembea sana, naye alirudi kunichukua.

Siku moja alikuja na furushi kutoka mtumbani, alilolinunua kwa akiba yake mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na fulana nyepesi ya poliesta yenye mikono mirefu, kijikoti chembamba cha nailoni kinachokunjika kikaenea kiganjani, na suruali ya kubana. Nilipoiona ile suruali sikutazama tena vitu vingine. Nilisema binti yangu hatapita mtaani namna ile.

“Baba, nitavaa bukta pana juu yake,” alisema kwa upole. “Na hii fulana na koti havina neno. Mwalimu anasema pamba ikilowa huleta baridi.”

“Mwalimu hakukuzaa,” nikamjibu.

Nikamtolea traksuti yangu ya pamba nzito, niliyopewa kazini wakati wa michezo ya Mei Mosi. Ilikuwa nguo ya heshima, nene, yenye jina la kiwanda mgongoni, nami niliionea fahari. Aliipokea kwa mikono miwili, akaivaa, wala hakusema neno.

Hayo yalikuwa katika masika ya mwaka 2019. Jumapili moja ya mwezi wa Aprili tulichelewa kuondoka, ikawa saa tisa alasiri. Mjini palikuwa na jua, na jasho lilitutoka tangu nyumba za mwisho. Tulipofika juu wingu lilishuka ghafla, mvua ikapiga kwa muda wa saa nzima, na nyuma yake ukaja upepo. Tukajibanza chini ya mti tukingoja ikatike. Hilo nalo lilikuwa kosa, kwa kuwa mtu aliyelowa akisimama hupoteza ule moto aliokuwa akiupata kwa kwenda.

Ile traksuti ilikuwa imekunywa maji kama sifongo. Mikono yake ilining’inia kupita vidole vya mtoto, na suruali ikawa nzito hata akawa anaishikilia kiunoni. Mwanzoni alitetemeka na kulalamika. Baadaye akanyamaza, nami kwa ujinga wangu nikadhani amepata nafuu. Kamba ya kiatu ilipofunguka aliinama kuifunga, vidole vikakataa. Nilimwuliza kama anaweza kwenda. Akanijibu kwa maneno mazito, yanayoburutana, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka kwa hofu.

Nilimshika mkono nikamteremsha nusu kwa kumbeba hadi kwenye nyumba ya kwanza tuliyoiona. Bibi mmoja alitoka, akamtazama mtoto mara moja tu, wala hakuuliza habari. “Wewe baba, kaa hapo nje,” aliniambia. Akamwingiza ndani, akamvua nguo zote mbichi, akamfuta, akamfunga kanga kavu mbili na blanketi, kisha akampa uji wa moto wenye sukari kidogo kidogo. Mimi niliketi barazani na ile traksuti miguuni pangu, ikitiririka maji. Niliipindapinda kuikamua, maji yaliyotoka yangejaza ndoo ndogo. Saa ya magharibi ndipo nilipomsikia binti yangu akicheka ndani. Sijapata kusikia sauti tamu kuliko ile.

Bibi yule alipokuja nje aliniambia neno moja: “Mwanangu, mlima haujui heshima ya nguo. Unajua kukavu na kubichi.”

Tangu hapo nimejifunza yale ambayo mwalimu alitaka kunifundisha. Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kilicho juu yake kinapita mita 2,100. Aghalabu, kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6. Kwa hiyo anayeondoka mjini katika joto la nyuzi 28 aweza kukuta huko juu nyuzi 18 tu, na akiwa amelowa, upepo humwibia joto upesi kuliko anavyodhani.

Pamba ni nguo njema mahali pake. Huvuta jasho, hupendeza mwilini. Lakini ikinywa maji huyashikilia, hukauka polepole, na maji yale hunyonya joto la mwili. Poliesta na nailoni hunywa maji machache mno, nazo hukauka upesi. Sufu hulowa, walakini huendelea kuhifadhi joto kiasi hata ikiwa mbichi. Koti la plastiki huzuia mvua, lakini huzuia na jasho lisitoke, hata mkimbiaji akalowa kutoka ndani.

Basi siku hizi tunachagua kwa kufuata majira. Wakati wa kiangazi, Januari na Februari, huvaa fulana nyepesi ya rangi nyeupe, pana ili hewa ipite, na kofia yenye ukingo wa kukinga uso; hubeba maji kuliko nguo. Masika na vuli ni zamu ya poliesta mwilini na kile kijikoti cha nailoni kiunoni, pamoja na raba zenye meno, maana udongo wa mlimani ukilowa huteleza kama sabuni. Katika kipupwe, Juni hadi Agosti, alfajiri huwa na baridi kavu, hivyo huvaa tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene: tupatapo joto tunaivua ya juu, tusimamapo tunairudisha. Na katika kila majira, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vema, mna fulana moja kavu kwa kila mtu. Hiyo haivaliwi ila kwa haja.

Wala mfanyakazi asidhani kwamba haya ni mambo ya wenye fedha. Nguo zetu zote tumezipata mtumbani. Tazama kwanza kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya kola. Aghalabu huandikwa nguo imefumwa kwa nini. Kama kimekatwa, ukiisha kuinunua na kuifua, ikamue kwa nguvu kisha uitundike kivulini pamoja na fulana ya pamba. Ile itakayotangulia kukauka ndiyo ya mlimani.

Lakini somo kubwa halikuwa la vitambaa. Usiku ule tuliporudi nyumbani nilimwomba binti yangu radhi mbele ya mama yake. Lilikuwa jambo zito kwangu, kwa kuwa nimelelewa katika desturi ambayo mzazi huamuru na mtoto hutii. Yeye hakunisimanga. Alikwenda akaleta lile furushi, akavaa suruali yake na bukta pana juu, akasimama katikati ya chumba. “Hivi ndivyo nilivyosema, Baba,” alisema. Nilitazama; hapakuwa na aibu yoyote. Jibu alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, nami sikumpa nafasi ya kulionyesha.

Heshima ya mtoto ni jambo la kulindwa, na sitaacha kuilinda. Ila nimetambua kwamba heshima na usalama havigombani, tukikubali kuketi na watoto wetu na kuwasikiliza kabla ya kuamua. Binti yangu angali anakimbia, nami ningali namfuata nyuma, polepole. Ile traksuti ya Mei Mosi sikuitupa. Naivaa nyumbani jioni za kipupwe, nikisoma gazeti, na kwa kazi hiyo hapana nguo iliyo bora kuliko hiyo.