Kulaza gari masika

Wadau, miongozo ya magari ya Ulaya inafundisha kulaza gari majira ya baridi, maji ya rejeta yasije yakaganda. Kibiti hatuna theluji. Adui wetu ni maji ya kawaida: ya mvua, ya mto, na unyevu wa hewa yenye chumvi kutoka delta ya Rufiji.

Mjomba wangu ana pikapu ya kubebea samaki. Masika, njia za vijijini zikigeuka tope, anailaza. Anachomoa waya wa hasi wa betri. Anajaza tanki, maana tanki tupu hutunga maji ndani. Anaosha chini kuondoa chumvi. Hendibreki havuti, isije ikashikana kwa kutu. Anaingiza gia na kukinga matairi kwa mawe. Turubai hataki: linafungia unyevu, na panya wakijificha humo wanatafuna nyaya.

Tangu mafuriko ya Aprili 2024 anaiegesha mwinukoni, si bandani kwake.

Nilimwambia anajisumbua. Akanijibu: “Juni ikigoma kuwaka, samaki wataoza, na ada ya binamu zako nani atalipa?”