Nani Atathibitisha?

Mhariri wangu wa kwanza alikuwa na swali moja kwa kila habari ya mtaani: "Hii ni ya nani?" Bomba limepasuka, stima imepotea siku tatu, kichochoro kimezibwa na takataka. Ya nani? Gazeti ni la taifa, bwana.

Labda ndiyo maana nimevutiwa sana na historia ya Ushahidi. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuzua mapigano, serikali ya Kenya ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Kwenye blogu yake, Ory Okolloh akauliza ni nani angeweza kutengeneza ramani ya yale yaliyokuwa yakitokea. Kina Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaitikia, na baada ya siku chache tu tovuti ikawa hewani. Baadaye ikawa programu huria: yeyote aweza kuuchukua msimbo wake na kuubadilisha apendavyo.

Mwishoni mwa 2009, vijana wa Kibera walizunguka mtaani kwao na vifaa vya GPS, wakauchora kwenye OpenStreetMap. Kabla ya hapo, ramani nyingi zilipaonyesha kama pahali patupu. Huo ndio mradi wa Map Kibera. Kisha ikaja Voice of Kibera, iliyotumia Ushahidi kupokea habari za wakazi kwa ujumbe wa simu na kuziweka kwenye ramani.

Ripoti ya Ushahidi huweza kuwa na kichwa, mahali, tarehe na aina. Mimi hukwama hapo kwenye aina. Mama akisema maji yamekatika, mtungi umepanda bei na binti yake amechelewa shule kwa sababu ya foleni, tumweke wapi? Maji? Biashara? Elimu? Fomu nayo ni mhariri. Afadhali hii ya programu huria, unaweza kuifungua na kuongeza aina uitakayo. Mhariri wangu hakuwa na mlango wa namna hiyo.

Lakini kuna sehemu moja ambayo msimbo hauwezi kuimaliza. Ripoti huweza kuwekewa alama: imethibitishwa, au bado. Anayeweka alama hiyo ni mtu. Lazima ajue Laini Saba inaishia wapi na Mashimoni inaanzia wapi, apige simu, atembee, alipwe nauli. Tena ajue ni lini aiache nukta bila kuiweka, maana nukta iliyo karibu mno na mlango wa mtu yaweza kumtaja aliyesema.

Mahakamani, shahidi huulizwa jina kwanza. Kwenye ramani ya mtaa, mara nyingi jina ndilo la kufichwa. Programu ni ya bure, na hilo ni jambo kubwa. Ila ukiniletea mradi wa habari za mtaa leo, kabla ya kuniambia imeandikwa kwa lugha gani ya kompyuta, niambie kwanza: nani atathibitisha, na mwezi ujao atalipwa na nani?