Shangazi Kapandisha Jini? Kumbe Kalisiamu!

Wiki hii sina stori za disko. Nina aibu yangu, na nimeona bora niitoe mwenyewe kabla majirani hawajanitolea.

Shangazi yangu ni mtu wa Kwamsisi, ile ya Korogwe, si ile ya Handeni. Watu wa Dar hawajali tofauti. Ukitaja Handeni tu wanakuuliza mganga gani mkali. Alikuja kwetu Magomeni kwa basi, kupitia Segera na Chalinze, kufanyiwa operesheni ya rovu lililomtesa miaka kibao. Ikaenda salama, akaruhusiwa.

Siku ya pili usiku akaniita. "Mwanangu, midomo inanichonyota, vidole vimekufa ganzi." Sijajibu, viganja vyote viwili vikakakamaa, vidole vimebanana kama mtu anayetaka kumega ugali. Nilijaribu kuvikunjua, wapi!

"Kapandisha huyo!" Mama mwenye nyumba akapiga kelele. "Jini limemfuata toka kwao!" Ubani ukawashwa. Shangazi kwa hofu akaanza kuhema mbio mbio, mikono ikazidi kukaza. Na mimi, bwana mkubwa wa kidato cha nne, nikatoka kutafuta teksi ya kumpeleka kwa mganga.

Dereva alipoona bandeji shingoni akanigeukia. "Dogo, mtu katoka kupasuliwa, unampeleka kwa mganga? Twende hospitali."

Jamani, dereva yule nitamwombea dua mpaka kufa.

Dokta alitazama mikono tu, akaelewa. Nyuma ya tezi la shingo kuna vitezi vinne vidogo vinavyosimamia kalisiamu kwenye damu. Tezi likikatwa, vinaweza kuzubaa. Kalisiamu ikishuka, misuli na neva vinapagawa, na hata moyo unaweza kuyumba.

Ikabidi damu ipimwe. Hapo ndipo nilipopata somo. Karibu nusu ya kalisiamu ya damu imeshikwa na protini, haina kazi ya haraka. Inayotumika ni ile iliyo huru, na ndiyo dokta aliyoitaka. Mtaalamu wa maabara akamwambia shangazi asikunje ngumi, akafungua upesi mpira wa mkononi, akachukua damu bila kuacha hewa kwenye bomba la sindano, kisha akakimbia nayo kwenye mashine. Damu hiyo ikipigwa na hewa au ikikaa sana, jibu linakudanganya.

Jibu: 0.82. Kawaida ni kama 1.15 hadi 1.30, milimoli kwa lita. Wakamchoma kalisiamu ya mshipani, taratibu. Mikono ikafunguka mbele ya macho yangu.

Nikamwuliza dokta kuhusu ile kuhema. Akasema mtu akihema mbio mbio, kalisiamu huru inazidi kupungua. Kumbe kelele zetu za jini ndizo zilizomwongezea ugonjwa!

Sasa shangazi anameza vidonge vya kalisiamu na vitamini D. Damu ya kipimo hiki huwezi kuipakia kwenye basi kama gunia la machungwa, kwa hiyo anasafiri yeye. Kila akija nampokea kituoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mganga hajambo?"

Nainamisha kichwa, nabeba mzigo. Tukutane wiki ijayo.